Nyasi Zilizoshtakiwa: Haini ya Adam Shafi na Msomaji wa Jeffersontown

Jioni ya Ijumaa, tarehe 7 Aprili 1972, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, alipigwa risasi akiwa pamoja na wenzake katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui. Aliyempiga, Luteni Humud Mohammed Humud, hakutoka pale akiwa hai. Kwa hiyo tangu saa ya kwanza kesi ile ilikuwa na maiti wawili na haikuwa na mshtakiwa. Washtakiwa ilibidi watafutwe. Riwaya ya Adam Shafi iitwayo Haini, iliyotolewa na Longhorn jijini Nairobi mwaka 2003, ni riwaya ya kutafutwa huko.

Kwa kawaida Haini husomwa kama riwaya ya gereza: kuta, njaa, kipigo, na mtu mmoja aitwaye Hamza anayejitahidi kubaki mtu. Usomaji huo ni sahihi, ila haujafika mwisho wa njia. Gereza la riwaya hii halikujengwa na ukatili mtupu. Limejengwa juu ya swali la urithi: mkubwa amekufa, nani atakaa kitini pake, na nani atalipia kifo chake ili kiti hicho kikalike kwa utulivu? Makala haya yanadai kwamba Haini ni riwaya ya kugombea madaraka, iliyoandikwa kutoka chini ya sakafu ya jumba ambamo madaraka hayo yanagombewa. Ubora wake na kasoro yake vyote viwili vinatokana na mahali hapo ilipochagua kusimama. Yanadai pia kwamba wasomaji wa Kiswahili walio mbali na Zanzibar, hasa watu wa Kongo ya mashariki wanaoishi Jeffersontown pembeni mwa Louisville, na wenzao wa Columbus na Buffalo, wana haki ya kuisoma kama riwaya yao.

Historia kidogo ni lazima, kwa sababu neno ukomunisti limeizunguka habari hii tangu mwanzo. Karume mwenyewe hakuwa Mkomunisti. Alikuwa baharia wa zamani aliyejijengea jina katika siasa za watu wa ng'ambo, na itikadi za vitabuni hazikumshughulisha sana. Waliobeba Umaksi visiwani walikuwa vijana wa chama cha Umma, kilichoanzishwa mwaka 1963 na Abdulrahman Mohamed Babu baada ya kujitoa katika Hizbu, alikokuwa katibu mkuu. Watu waliwaita makomredi. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, chama cha Umma kilivunjwa na kumezwa na Afro-Shirazi, na makomredi wakapata nafasi serikalini na jeshini. Ujerumani Mashariki na China zilituma wataalamu na misaada, na magazeti ya Magharibi yakaanza kuita Zanzibar Kuba ya Afrika. Babu, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa shirika la habari la China la Xinhua, akawa waziri katika serikali ya Muungano hadi Februari 1972, Mwalimu Nyerere alipomwacha nje ya baraza. Miezi miwili baadaye Karume akauawa.

Msomaji aliyezoea historia za nchi za kikomunisti atatarajia mkondo fulani. Stalin alifariki Machi 1953. Juni warithi wake wakamkamata mwenzao Beria, na Desemba akapigwa risasi. Mao alifariki Septemba 1976. Haukutimia mwezi kabla mjane wake, Jiang Qing, na wenzake watatu hawajatiwa mbaroni. Kotekote huko warithi walikamatana wao kwa wao, mezani kwao wenyewe. Zanzibar mkondo ulipinda. Baraza la Mapinduzi lilimkalisha Aboud Jumbe kitini katika siku chache, ingawa macho ya wengi yalikuwa kwa Kanali Seif Bakari, mtu mzito wa ile Kamati ya Watu 14 iliyohusishwa na Mapinduzi. Mvutano wa warithi ukanyamazishwa ndani ya kuta. Kilichosikika nje kilikuwa kesi ya uhaini dhidi ya watu zaidi ya 80, wengi wao makomredi wa zamani. Ilisikilizwa katika Mahakama ya Wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa, na kwa wale waliokiri mwendesha mashtaka ndiye aliyewasemea. Mwaka 1974 makumi ya washtakiwa wakahukumiwa kifo. Babu alikuwa miongoni mwao bila kuwepo mahakamani, kwa kuwa Nyerere alikataa kumpeleka visiwani. Hata hivyo Nyerere huyohuyo alimweka kizuizini Bara hadi 1978. Ukomunisti wa Zanzibar haukurithi kiti. Ulirithi lawama.

Adam Shafi alikuwa mmoja wa waliokamatwa katika msukosuko ule. Ukweli huu hutajwa mara nyingi kama cheti cha uhalisi wa riwaya, kana kwamba kuteseka kunatosha kumfanya mtu awe mwandishi. Lenye uzito zaidi kwa mhakiki ni mpangilio wa miaka. Kasri ya Mwinyi Fuad ilitoka mwaka 1978, na Kuli mwaka 1979. Ya kwanza inaonyesha ulimwengu wa mabwana wa mashamba ukianguka mbele ya Mapinduzi. Ya pili inafuata wapagazi wa bandarini hadi mgomo wa 1948, kwa imani kubwa katika nguvu ya wafanyakazi walioungana. Zote mbili zilimfikia msomaji baada ya mwandishi kupita katika mikono ya dola ya Mapinduzi hayohayo. Vuta N'kuvute, ambayo sasa wengi wameijua kupitia filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, ilifuata mwaka 1999, nayo inarudi nyuma katika enzi ya mkoloni. Haini ilikuja miaka 31 baada ya risasi za Kisiwandui.

Kuna njia mbili za kuueleza ukimya huo. Ya kwanza ni ya kisiasa na haihitaji maneno mengi: chini ya chama kimoja, kitabu kama hiki kisingepata mchapishaji, na mwandishi wake asingepata usingizi. Ya pili ni ya kifasihi. Mtu aliyeandika Kasri ya Mwinyi Fuad hakuwa akijipendekeza kwa waliomfunga. Alikuwa akiendelea kuamini kwamba mkulima aliyeondokewa na bwana wake amepata kitu cha kweli. Ili kuandika Haini ilimbidi apate namna ya kusema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba kasri lilistahili kuanguka, na kwamba waliolibomoa walihamishia vyumba vya chini vya kasri hilo mahali pengine. Namna hiyo haipatikani kwa haraka. Anayeisoma Haini peke yake huona shutuma dhidi ya utawala. Anayeisoma baada ya Kasri na Kuli huona kitu kizito zaidi, yaani mtu anayefanya hesabu na imani yake mwenyewe bila kuiuza.

Hesabu hiyo inaanza na majina. Katika riwaya, kiongozi anayeuawa haitwi kwa jina la historia. Anaitwa Kigogo. Kiswahili cha kila siku humwita kigogo mtu yeyote mwenye cheo na sauti, na kwa hiyo jina hili linamtoa marehemu kwenye sanamu yake na kumrudisha kwenye kundi la wakubwa wengine. Kigogo akianguka, msitu haubadiliki. Kigogo kingine kipo. Mwandishi angeweza kumtengenezea mtawala jina la fumbo la kumkejeli, lakini amechagua nomino ya kawaida, na uchaguzi huo ni hukumu yenyewe. Unasema kwamba kinachogombewa ni nafasi, na nafasi haina uso.

Jina la kitabu limefanyiwa kazi ya aina iyo hiyo. Haini ni mtu aliyevunja amana, na katika lugha ya sheria ni mtu aliyeisaliti dola. Maana ya kwanza inahitaji kuwepo amana kwanza, mtu na mtu. Maana ya pili inahitaji kuwepo dola na mtu wa kuitaja kwa niaba yake. Riwaya inacheza katika pengo lililo kati ya maana hizi mbili. Hamza anaitwa haini na watu ambao hajawahi kuwapa amana yoyote, huku waliovunja amana kubwa kuliko zote, ile ya Mapinduzi yenyewe, ndio wenye mamlaka ya kulitumia neno hilo. Kichwa cha kitabu hakina alama ya kuuliza, lakini kila ukurasa unaiweka.

Hapo ndipo mahojiano ya gerezani yanapopata uzito wao. Wapelelezi wa Haini hawatafuti habari. Wangekuwa wanatafuta habari, wangesikiliza. Wanachotafuta ni hadithi ambayo tayari wanayo na ambayo inakosa msimulizi mmoja tu. Mtuhumiwa anatakiwa kuingia ndani ya hadithi hiyo, akae pale alipowekewa nafasi, ataje majina yaliyokwisha kutajwa, kisha atie sahihi. Ungamo katika mazingira haya ni utanzu wa fasihi kama utanzu mwingine: lina mhusika mkuu, njama, mawasiliano ya siri, toba mwishoni. Tofauti ni kwamba mtunzi wake anashika kiboko na msimulizi wake anatoka damu. Adam Shafi, ambaye kazi yake ni kutunga, ameona kwa jicho kali kwamba gereza lile ni karakana ya utunzi. Ameandika riwaya kupinga riwaya nyingine, ile iliyoandikwa na dola na kusomwa mahakamani kama ushahidi.

Methali ya wazee inasema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hiyo imetumika sana hata imekuwa laini mdomoni. Haini inairudishia makali kwa kuongeza kifungu ambacho wazee hawakukitia: baada ya tembo kupatana, nyasi hushtakiwa kwamba ndizo zilizowachokoza. Kuumia kwa nyasi kunaweza kuitwa ajali ya vita vya wakubwa. Kushtakiwa kwao si ajali. Ni sehemu ya mapatano. Mrithi anahitaji maombolezo, maombolezo yanahitaji hasira, na hasira inahitaji mtu wa kuielekezea ambaye hana nguvu ya kuwagombanisha tena warithi wenyewe.

Mwandishi aliyepitia kizuizi angeweza kuandika kumbukumbu kwa nafsi ya kwanza. Miaka kumi baadaye, katika Mbali na Nyumbani ya mwaka 2013, Adam Shafi alifanya hivyo hasa, alipoeleza ujana wake na safari yake ndefu ya kutafuta Ulaya. Lakini gereza amelipa mhusika wa kubuni na nafsi ya tatu. Sababu inaonekana katika hoja iliyotangulia. Nafsi ya kwanza ndiyo iliyodaiwa kwa mateso: sema mimi nilifanya, mimi nilijua, mimi nilikuwepo. Mwandishi anakataa kuirudia hata kwa nia njema. Anasema yeye, na kwa neno hilo dogo anamrudishia mfungwa stara ambayo mahojiano yaliivua.

Kutoka Unguja hadi Kongo ya mashariki ni mbali, lakini lugha ni moja na mkasa unafanana kwa namna inayotia baridi. Laurent-Désiré Kabila aliingia siasani kama Mlumumba wa mrengo wa kushoto. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kusaidia uasi wake na wenzake, akarudi miezi saba baadaye akiwa amevunjika moyo, na katika maandishi yake hakumsifu sana Kabila kwa kukaa mbali na uwanja wa vita. Mwaka 1967 Kabila alianzisha Chama cha Mapinduzi ya Wananchi, PRP, kilichofuata mafunzo ya Marx na Mao, akashikilia milima ya Fizi kwa miaka mingi, akaishi pia Dar es Salaam. Alipoiingia Kinshasa Mei 1997 kwa msaada wa majeshi ya Rwanda na Uganda, itikadi ilikuwa imechuja, lakini msamiati wa mapinduzi ulibaki, na Kiswahili kilikuwa ndicho kilichosikika katika safu za jeshi lake. Watu walimwita Mzee. Askari wake watoto waliitwa makadogo, neno ambalo Kiswahili cha Kongo kimelipa ulimwengu na ambalo ingekuwa heri lisingehitajika.

Tarehe 16 Januari 2001 Mzee alipigwa risasi ofisini kwake na mlinzi kijana, Rashidi Kasereka, ambaye aliuawa papo hapo. Kwa mara nyingine kesi ilianza bila muuaji. Siku kumi baadaye Joseph Kabila, mwenye umri wa miaka 29, aliapishwa kushika nafasi ya baba yake, jina ambalo wachache walilitarajia na ambalo wakubwa waliokuwa wakichunguzana walikubaliana nalo. Kisha ikaja mahakama ya kijeshi isiyo na rufaa, na washtakiwa zaidi ya 130. Januari 2003, mwaka uleule Haini ilipotoka Nairobi, hukumu ilisomwa Kinshasa na watu wapatao 30 wakapewa adhabu ya kifo. Miongoni mwao alikuwemo Kanali Eddy Kapend, msaidizi wa karibu wa marehemu, ambaye siku zote alikana kuhusika. Adhabu haikutekelezwa, naye alikaa gerezani hadi Januari 2021, alipotoka kwa msamaha wa Rais Tshisekedi. Ni miaka 20 kasoro kidogo. Swali la nani aliyepanga mauaji halikujibiwa na mahakama kwa namna iliyowaridhisha wengi, na halijajibiwa hadi leo.

Ufanano huu usitumiwe kufuta tofauti. Zanzibar ilikuwa kisiwa kilichofungwa, na Kongo ilikuwa uwanja wa majeshi ya nchi kadhaa. Jumbe alikuwa mwanasiasa mkongwe aliyechaguliwa na baraza, na Joseph Kabila alikuwa mtoto wa marehemu. Kinshasa walikuwepo mawakili, hata kama mikono yao ilifungwa. Lakini umbo la tukio ni moja: kijana mwenye bunduki anayekufa pamoja na siri yake, warithi wanaopatana upesi, na orodha ndefu ya washtakiwa inayofanya kazi ya kuonyesha kwamba serikali mpya inahuzunika vya kutosha. Kongo ya Kiswahili haijapata bado riwaya ya umbo hilo iliyoenea kama Haini. Mpaka itakapoipata, riwaya ya Unguja inaweza kuazimwa.

Nani ataiazima? Miji iliyotajwa mwanzoni si mapambo. Jeffersontown ni mji mdogo ndani ya wilaya ya Jefferson, Kentucky, uliomezwa na kukua kwa Louisville. Yeye, Columbus ya Ohio na Buffalo ya New York ni miongoni mwa sehemu za Marekani ambako Kiswahili cha Uvira, Fizi, Bukavu na Kalemie kinasikika makanisani, dukani na kwenye zamu za usiku za maghala. Wengi wa wasemaji wake walipitia kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoa uleule wa Kigoma ambako Che alipandia mashua. Huko, kabla ya ndege, kulikuwa na mahojiano. Na baada ya mahojiano, mahojiano mengine. Ulizaliwa wapi, nani aliuawa mbele yako, siku gani, saa ngapi, mbona mara ya kwanza ulisema Jumanne?

Msomaji wa namna hii hukutana na vyumba vya Haini akiwa na ujuzi ambao mwanafunzi wa fasihi chuoni hana. Anajua maana ya kuisimulia habari ya maisha yake mbele ya meza, kwa mtu aliyeshika kalamu, katika umbo lililoamuliwa na fomu. Ingekuwa dhulma kulinganisha ofisa wa uhamiaji na mtesi wa gerezani. Mmoja anafungua mlango na mwingine anaufunga, na hakuna aliyevuliwa kucha Kasulu ili akubaliwe kwenda Kentucky. Lakini hadithi inayodaiwa ina sheria zinazofanana pande zote mbili. Ni lazima iwe na mtiririko, tarehe zake zisigongane, mtesaji awe na jina, msimulizi awe au mwathirika kamili au mkosaji kamili. Maisha ya watu hayaendi hivyo. Baba aliyewahi kumbebea mizigo kamanda wa waasi kwa sababu ya bunduki mgongoni mwake ni nani katika fomu? Haini inamfundisha msomaji huyo kwamba kigugumizi chake hakikuwa udhaifu wa kumbukumbu. Kilikuwa ni ukweli uliokataa kukatwa kwa kipimo cha wengine.

Mzanzibari mwingine ameligusa jambo hili kwa lugha nyingine. Katika By the Sea ya mwaka 2001, Abdulrazak Gurnah anamleta Saleh Omar katika uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti ya mtu mwingine, huku akijifanya hajui Kiingereza. Ofisa anamchukulia kijaluba cha udi, kitu pekee chenye harufu ya nyumbani. Nyuma ya ukimya wa mzee huyo ipo miaka ya kifungo katika Zanzibar ya baada ya Mapinduzi. Gurnah anaanza na meza ya uhamiaji kisha anarudi nyuma hadi gerezani; Adam Shafi anabaki gerezani. Vitabu hivi viwili vikiwekwa pamoja vinaunda njia nzima ambayo mkimbizi aliipita. Tofauti kubwa ni kwamba Saleh Omar anaweza kukaa kimya, na ukimya wake ni akili. Hamza hana anasa hiyo. Kimya chake kinahesabiwa kuwa kukiri.

Hapa ni pahali pa kusema kasoro. Kwa kuwa imeshikilia kutazama kutoka chini, Haini inaona miguu ya warithi na haioni nyuso zao. Msomaji anatoka akijua vyema jinsi mtu anavyovunjwa, na akijua kidogo sana kwa nini wakubwa walihitaji kumvunja huyu na si yule. Fikra za makomredi zimebaki nyuma ya pazia. Waliamini nini kuhusu Mapinduzi waliyoyasaidia kisha yakawageuka? Walikosea wapi walipokubali chama chao kimezwe mwaka 1964? Babu mwenyewe alitumia miaka ya kizuizi kuandika kitabu cha nadharia juu ya ujamaa wa Afrika, kilichotoka mwaka 1981. Riwaya ingeweza kuweka ubishi wa aina hiyo ndani ya seli, kati ya wafungwa wenyewe, bila kuwapunguzia heshima. Badala yake mfungwa anakaribia kuwa mtu asiye na siasa aliyenaswa na siasa. Mfano huo ni rahisi kupendwa, na ndio hasa fomu za mashirika ya haki za binadamu huupenda. Unaacha jambo moja bila kusemwa: kwamba hata mtu aliyekuwa na itikadi, hata aliyetaka serikali ibadilike, hakustahili kutendewa vile.

Kasoro hii inamhusu pia msomaji wa Louisville au Buffalo. Kongo nayo, watu wamejifunza kwamba ni salama zaidi kusema mimi sikuwa na siasa. Sentensi hiyo imewaokoa wengi mpakani. Ikikaa sana mdomoni inageuka kuwa imani, na watoto waliozaliwa Columbus wanaikuta kama ndiyo historia yote ya familia: tulikuwa hatuna hatia, tukakimbia. Lakini baadhi ya wazee hao walikuwa na msimamo, walijiunga na kitu, walitumaini kitu. Riwaya inayosubiriwa ya Kongo ya Kiswahili itabidi iwarudishie hilo. Itabidi imwonyeshe mshtakiwa aliyempenda Mzee na kumchukia kwa wakati mmoja, na kadogo aliyekuwa mtoto na muuaji, bila kumtaka yeyote achague upande kabla ya kusikilizwa.

Imo hofu kwamba Kiswahili cha Unguja kitamshinda msomaji wa Uvira. Hofu hiyo imetiwa chumvi. Adam Shafi huandika sentensi fupi zinazotembea, mazungumzo yake yana pumzi ya barazani, na msamiati wake wa mwili, yaani njaa, kiu, uvimbe, baridi ya sakafu, hauna lahaja. Kinachoweza kuhitaji mwalimu ni historia. Bila kujua Kisiwandui ni wapi na makomredi walikuwa nani, msomaji atakiona kitabu kama kisa cha ukatili wa popote. Akijua, atakiona kama kisa cha mahali pamoja kinachomfungulia mahali pake.

Babu alitoka kizuizini mwaka 1978 na akafariki London mwaka 1996. Kapend alitoka mwaka 2021. Kila mmoja alitoka kwa uamuzi wa mkubwa, na hakuna mahakama iliyomtoa kwa kusema ilikosea. Neno lililoandikwa dhidi yao halikufutwa na yeyote aliyekuwa na mamlaka ya kulifuta. Ndiyo sababu Haini inahitajika. Haiwezi kubatilisha hukumu, wala haijidai kumjua muuaji. Inalichukua neno lile kutoka kinywani mwa mahakama, inaliweka juu ya jalada, na kumwachia kila msomaji, awe Kikwajuni au Jeffersontown, aangalie upya ni nani aliyevunja amana ya nani.